Mlima Unaishia Rau

Ukikaa Moshi muda mrefu shingo inazoea kuangalia juu. Asubuhi mtu anafungua mlango, na kabla hajasalimiana na jirani ameshaangalia kama Mlima Kilimanjaro umefunguka au umejifunika. Mji mzima umejipanga kwa ajili ya kupandisha watu: maduka ya kukodisha majaketi na mabuti, vijana wa kubeba mizigo, madalali wa stendi wanaokutambua mgeni kwa begi lako kabla hujafungua mdomo. Sina ugomvi na kazi hiyo, imesomesha watoto wengi wa mtaani kwetu. Ila mtu akiniuliza afanye nini Moshi akiwa na asubuhi moja tu na magoti ya wasiwasi, simwambii apande. Namwambia ashuke.

Kushuka kwenyewe ni Rau. Msitu wa Rau uko kusini mashariki mwa mji, kilomita chache tu kutoka katikati, umbali ambao bajaji inakufikisha kabla hujamaliza kubishana na dereva juu ya nauli. Una hekta kama 570. Ukitazama kwa mbali, ukiwa upande wa barabara ya Mabogini, unaona mstari mweusi wa miti mirefu umesimama katikati ya mashamba ya mpunga, na unajiuliza umetoka wapi. Swali hilo ni la haki. Pale msitu wa namna ile hauna sababu ya kuwepo.

Mjini Moshi mvua haifiki milimita 1,000 kwa mwaka, na tambarare ya chini ni kavu zaidi. Kwa mvua hiyo unategemea migunga, vichaka na mbuzi. Teremka kuelekea Arusha Chini, toka nje ya maeneo yanayomwagiliwa, utaona: vumbi, miiba, jua la Februari linalochoma mpaka ndani ya kofia. Lakini juu, kwenye ukanda wa misitu wa mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mvua inazidi milimita 2,000. Mlima ni wa volkano, mawe yake yana nyufa na matundu, na sehemu kubwa ya mvua ile inazama. Inasafiri chini kwa chini, haionekani huko juu Kibosho wala Uru, mpaka pale mteremko unapokwisha na tambarare kuanza. Hapo maji yanatafuta pa kutokea. Ndiyo chemchemi za Njoro pale mjini, Miwaleni upande wa Kahe, na ile Chemka ambayo watu wa Dar wanakuja kupiga picha wakijirusha na kamba. Rau ni mahali ambapo maji hayo yamekaribia uso wa ardhi kiasi kwamba mizizi inayafikia yenyewe, masika yawe yamekuja au yamegoma. Ule msitu unaokupokea ukiingia getini Ziwa Manyara ni wa ukoo huohuo. Kahe nako uko.

Watu wengi wakisikia maji ya Kilimanjaro wanafikiria barafu. Barafu inachangia kidogo sana. Mnyweshaji ni msitu wa juu, na huu wa chini ndio ushahidi wake. Ndiyo maana nasema mlima hauishii pale lami inapoanza kunyooka. Unaishia Rau.

Mara nyingi naenda na bamkubwa wangu. Ni kaka wa marehemu baba, mzee mwenye fimbo ya mti wa mparachichi na goti la kulia ambalo, kwa maneno yake, lilistaafu kabla yake. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kutembea naye msituni kuna adabu zake. Huwezi kumpita. Huwezi kumshika mkono bila kuombwa. Akisimama, unasimama, na anasimama sana, kwa sababu hakuna mti anaoupita bila kuupima kwa macho. Anaangalia shina kuanzia chini, anafika kwenye tawi la kwanza, anatikisa kichwa au anaguna. Nilichukua muda kuelewa kwamba anahesabu mbao. Mti wa mita ngapi, umenyooka kiasi gani, utatoa vipande vingapi vya mbili kwa nne. Miaka yote hii hajaacha.

Mwanzoni ilinikera. Mimi nimekuja kwa kivuli na ndege, yeye anakata msitu mzima kichwani. Halafu nikagundua kwamba kati yetu wawili ndiye anayeijua miti. Mimi nilikuwa naona kijani tu. Mtu aliyewahi kuupasua mti anajua ndani yake kuna nini, na wengi tunaosema tunapenda mazingira hatuwezi kutofautisha mvule na mkuyu tukiwa tumesimama chini yake.

Mvule, kwa mfano. Pale Rau kuna mmoja mkubwa ambao kila mgeni anapelekwa kuuona, na umri wake unategemea nani anakuelezea. Niliwahi kusikia umri mara mbili kwa siku moja na tofauti ilikuwa ya karne. Simlaumu mtu. Nchi zenye majira ya baridi kali mti unachora pete kila mwaka na mtu anahesabu. Huku kwetu, ambako mti unakua karibu mwaka mzima, pete mara nyingi hazisomeki vizuri. Inatosha kusema ni mkubwa. Watu wanaushika mikono kuuzunguka na bado mikono inapungua.

Bamkubwa hakuushika. Alilisogelea shina, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga juu kidogo. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Jiwe," akasema.

Nilidhani ananitania. Hapana. Mvule una mawe ndani. Mti huu unavuta madini ya chokaa kutoka ardhini, na kwa msaada wa bakteria sehemu yake inageuka kuwa jiwe halisi la chokaa, kwenye udongo chini yake na wakati mwingine ndani ya mbao zenyewe, hasa pale ulipopata jeraha. Kwa hiyo sehemu ya hewa ya ukaa iliyonaswa na majani inaishia kuwa mwamba, ambao haungui wala hauozi. Wanasayansi wameuandika sana mti huu kwa sababu hiyo. Bamkubwa aliujua kwa sababu nyingine. Msumeno ukikutana na lile jiwe unapiga kelele, cheche zinaruka, meno yanakatika, na fundi mkuu anakuja kuuliza nani alikuwa kwenye mashine. Gogo lenye jiwe halijitambulishi kwa nje. Ndiyo maana wazee wa kiwandani waligonga kwanza. Na vumbi lake, akaongeza, likikuingia puani unapiga chafya mpaka usiku, na wengine ngozi inawatoka vipele. "Mti unajitetea hata ukishakufa."

Niliupenda mvule zaidi baada ya maelezo yale kuliko baada ya bango lolote la hifadhi ya mazingira nililowahi kusoma.

Alinieleza pia kwa nini ni nadra kuona shamba la mvule ingawa mbao yake inatafutwa kila kona kwa milango na majahazi. Miche ikipandwa kwa wingi mahali pamoja inavamiwa na mdudu mdogo anayetaga kwenye machipukizi. Chipukizi linavimba vinundu, linaoza, mche unakufa. Mvule unapenda kuota mmoja hapa, mwingine kule, kwa mbegu alizodondosha popo baada ya kula matunda yake. Na hata hapo lazima uwepo wa kiume na wa kike kwa umbali unaofikika, kwa sababu maua ya kiume na ya kike yako kwenye miti tofauti. Ukikata yote ya upande mmoja wa bonde, unaobaki unazeeka peke yake bila uzao. Hilo bamkubwa alilisema bila huzuni yoyote, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei.

Kwa hiyo watu walipotaka mbao za haraka walipanda msaji. Reli ilifika Moshi wakati wa Wajerumani, ikafunguliwa 1912, na kuanzia hapo gogo lilikuwa na njia ya kwenda Tanga na baharini. Leo ukitembea Rau utatoka ghafla kwenye msitu uliochanganyika na kuingia kwenye safu za msaji, mti wa Asia, imenyooka kwa kamba. Tofauti unaisikia kwanza kwa miguu. Kwenye msitu wa asili ardhi ni laini na nyeusi, unatembea bila sauti. Chini ya misaji majani makubwa makavu yanavunjika kila hatua na huwezi kumnyemelea hata kobe. Chukua jani changa la msaji ulisugue kati ya vidole: linaacha rangi nyekundu ya damu. Watoto wa Rau wanajua mchezo huo, wanapakana mikononi na kwenda kuwatisha wadogo zao. Juu ni mwanga mtupu, ndege wachache, na jua linakurudia. Mimi hapo huongeza mwendo. Bamkubwa hupunguza, kwa sababu msaji ni mnyoofu na hesabu yake ni nzuri.

Mti ambao hasa ni wa pale ni msoo. Kwa wataalamu unaitwa Oxystigma msoo, uko kwenye jamii moja na kunde, na duniani kote unajulikana kutoka sehemu chache tu za Kaskazini mwa Tanzania na Kenya, kwenye misitu ya maji kama hii. Umo kwenye orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Hauna mbwembwe. Shina refu lililonyooka, kichwa kiko mbali juu, na usipoonyeshwa unaupita. Mimi niliupita kwa miaka. Nikamwuliza bamkubwa mbao yake ikoje, akasema ya kawaida, inafaa, siyo mvule. Nadhani hiyo ndiyo iliyouokoa mpaka hapa ulipo. Mti usio na sifa sokoni unaishi. Lakini hauwezi kuhama, na ndiyo hatari yake: maji ya chini yakishuka, msoo hauna pengine pa kwenda. Huwezi kuupeleka Machame, juu mlimani.

Na haya maji yana wanaoyangojea wengi. Mji umekua. Visima vinachimbwa. Mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yaliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, yanakunywa kutoka mito ya Rau na Njoro, na msimu wa kiangazi mazungumzo ya zamu ya maji huko Mabogini hayafai kusikilizwa na watoto. Sisemi mkulima ana kosa. Nakula wali. Ila anayedhani msitu umekaa pale tu ukipendeza, ajue kwamba unachota kwenye kisima kimoja na sisi.

Nirudi njiani. Njia zenyewe ni tambarare, na hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu kuna watu wanasikia msitu Kilimanjaro wanaingia hofu ya kupanda. Hakuna kupanda. Kuna madaraja ya magogo juu ya vijito, kuna sehemu zenye tope hata wakati wa kiangazi, kuna mizizi ya kuangalia. Mzee mwenye fimbo anaweza. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza. Msitu unasimamiwa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kuna ada ya kuingia na inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu noti mkononi halafu ukalalamika. Vijana wa kijijini wanaoongoza wageni wanafahamu njia, na nakushauri umchukue mmoja hata kama umezaliwa Pasua, hapahapa Moshi, kwa sababu vijia vimekatana sana na miti yote ikishafunga mbingu huoni mlima wa kukuonyesha kaskazini. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu. Siafu.

Kuhusu siafu nitasema kidogo tu. Wanapita njia kwa mstari, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni taya wazi, na ukisimama karibu nao kumwangalia mbega juu, hutajua mpaka wamefika kwenye paja. Halafu wote wanauma kwa pamoja. Dada mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa kanisa na heshima zake, alisahau vyote viwili.

Mbega ndio sababu ya watu kusimama bila kuangalia chini. Rau wapo. Unaanza kuona mkia mweupe unaning'inia, unadhani ni ndevu za mti, kisha unahesabu mikia miwili, mitatu, na kumbe familia nzima imekukalia juu ya kichwa inakutazama kwa dharau. Hawana kidole gumba cha maana. Mkono ni vidole vinne vya kujining'iniza kwenye matawi. Wanakula majani, tumbo lao lina vyumba vya kuyachachusha, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku wanakaa tu wanasaga, wameridhika. Mtoto anazaliwa mweupe pee. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi zao zilipendwa sana na wanawake wa Ulaya kwa kushonea makoti, na mbega wa Kilimanjaro waliwindwa mno kwa ajili ya soko hilo. Kima nao wapo, wakorofi zaidi, wale ukiwa na ndizi ni bora uile mapema.

Mti ambao bamkubwa aliusalimia kwa mkono ni msesewe. Unaota kandokando ya maji, majani yake yana mng'ao, ukikata gome unatoka utomvu mweupe. Gome lake lililokaushwa na kusagwa ndilo linalotiwa kwenye mbege, pombe ya Wachagga, kuipa ule uchungu. Bila msesewe una ndizi na ulezi tu. Alilipapasa gome, akatafuta kovu la mtu aliyebandua, akalipata, akalikagua. Limebanduliwa vizuri, akasema, upande mmoja tu, mti utapona. Kuna wanaobandua kuzunguka shina lote, na hao, kwa maoni yake, mbege yao haistahili kupelekwa kwenye msiba wala harusi. Kisha akanieleza nani wa ukoo alikuwa mpishi hodari wa mbege, na nani alizidisha msesewe mpaka washenga wakakunja sura. Tulikaa kwenye gogo muda mrefu sana pale. Hondohondo wawili walipita juu, mabawa yao yanasikika hata kabla hujawaona, wakatua, wakapigiana makelele, wakaondoka. Bamkubwa hakukatisha hadithi.

Kinachoniudhi Rau ni vile vikundi vya matembezi vya siku hizi. Wanakuja na fulana za rangi moja, spika mgongoni, mtu wa mbele anapiga filimbi. Wanapita msitu wote chini ya saa moja. Simu zinawaambia wametembea hatua ngapi na wamechoma mafuta kiasi gani, wanapiga picha ya pamoja kwenye ule mvule, wanauliza choo kiko wapi. Afya ni nzuri, naelewa, sukari na presha zimetujaa. Lakini uwanja wa mpira unatosha kwa kazi hiyo. Msitu unamlipa anayechelewa. Mbega wanashuka ukikaa kimya robo saa. Chura mdogo kwenye jani la gugumaji unamwona ukiwa umeinama kufunga kamba ya kiatu. Ule uyoga mwekundu kwenye gogo bovu ni wa siku chache tu. Hakuna kati ya hivyo kinachotokea mbele ya filimbi.

Na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wanaoandika juu ya hifadhi hawalipendi. Tunapenda sana kuuita msitu wa zamani "usioguswa". Rau umeguswa. Wajerumani wameugusa, Waingereza wameugusa, bamkubwa wangu ameugusa kwa msumeno na analipwa pensheni kwa hilo. Kina mama wa pembeni wanaokota kuni kavu, waganga wanachimba mizizi, vijana wanaweka mizinga. Kilichodumu ni maji na udongo, na kwa sababu hivyo viwili havijakatika, miti imeendelea kupokezana pale vizazi kwa vizazi. Mti mmoja unaweza kuwa wa juzi. Mahali ni pa kale. Ukianza kulinda msitu kwa kudhani hakuna mtu aliyewahi kuingia, hatua ya pili ni kumfukuza mzee mwenye fimbo anayejua gome linabanduliwaje.

Ukitembea polepole unaweza kutokea upande wa kusini, kwenye mpunga. Mwanga unakupiga usoni, joto linarudi lote kwa mara moja, na maji yaleyale uliyoyavuka msituni sasa yako kwenye mfereji wa saruji, yamenyooshwa, yana ratiba. Siku ya mwisho tuliyotoka huko tulimkuta kijana amekaa kwenye tuta la mfereji, jembe pembeni, anangoja zamu. Alimwamkia bamkubwa, bamkubwa akaitikia na kuuliza mara moja maji yakoje mwaka huu.

"Yapo, mzee, ila wa juu wanachelewa kufunga."

"Wa juu siku zote wanachelewa. Mimi ni wa juu, najua." Kisha akauliza mchele wa msimu uliopita umebaki, na kilo bei gani. Kijana akataja. Bamkubwa akacheka kicheko cha kiwandani, akaegemea fimbo, akataja bei yake, na nikajua kwamba bajaji niliyokuwa nimeshaipigia simu itabidi ingoje.